Siku Tuliyokwenda Kuwatazama Viboko wa Kazinga

Leo ningependa kuwasimulia safari ya siku moja ambayo familia yetu iliifanya mwezi wa Januari uliopita, tulipokwenda Mweya kupanda mashua na kuwatazama wanyama wa Mfereji wa Kazinga. Haikuwa safari ya mbali. Kutoka Bwera hadi Mweya gari huchukua muda usiozidi saa mbili, na mimi ni mzaliwa wa wilaya hii ya Kasese. Hata hivyo, nilikuwa nimekwisha kupita umri wa miaka hamsini bila kuingia katika mbuga ya wanyama ya Queen Elizabeth kwa njia ya langoni, kama mgeni aliyelipa kiingilio chake. Mara nyingi nilikuwa nimepita kando yake ndani ya taksi, nikisinzia juu ya gunia la maharage.

Chanzo cha safari hiyo kilikuwa wajukuu. Mwana wetu wa kwanza anafanya kazi Kampala, na kila likizo ndefu hutuletea watoto wake wawili, mvulana wa miaka kumi na mmoja na msichana wa miaka minane. Jioni moja mvulana alikuwa akitusimulia habari za mwenzake wa shuleni ambaye wazazi wake walimpeleka Malindi, katika mbuga ya bahari ambayo Kenya iliianzisha mwaka 1968. Huko, alisema, watu hupanda mashua yenye kioo chini, wakawaona samaki wa kila rangi wakicheza juu ya matumbawe; na wengine huvuka asubuhi kwenda visiwani, wakarudi jioni. Alipomaliza akanitazama, akauliza, "Bibi, na sisi huku tuna nini cha kuonyesha?"

Swali hilo lilinigusa. Ni kweli kwamba sisi hatuna bahari. Lakini siku isiyo na ukungu, mtu akisimama juu ya kilima cha Bwera huliona Ziwa Edward likimetameta kule chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Kabla sijajibu, mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa zaidi ya miaka sabini na mitano na alikuwa ameketi mkekani akipeta maharage, alisema bila kuinua kichwa, "Tuna viboko. Au tuseme, tulikuwa nao." Kisha akaendelea kupeta.

Mume wangu hakulipenda wazo la safari. Yeye ni askari polisi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliimaliza mpakani na kando ya maziwa haya, katika doria za usiku. "Mahali pale," alisema, "si pa kutembelea. Ni mahali pa kulinda." Wala sikuweza kumlaumu. Sote tunakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walipoivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa hapa Mpondwe, wakawaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wanafunzi. Tarehe 17 Oktoba ya mwaka ule ule waliwaua wageni wawili waliokuwa katika fungate yao, pamoja na Mganda mwenzetu aliyekuwa akiwaongoza, barabarani ndani ya mbuga ile. Katika nyumba ya askari mambo kama hayo hayasomwi gazetini na kusahauliwa. Huketi mezani pamoja na watu.

Basi mume wangu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kuzungumza na vijana waliomo kazini sasa, akaulizia hali ya barabara na ya doria. Aliporudi aliniambia, "Mama, tayarisha chakula. Kama sisi wenyewe tunaogopa kuingia, tutamwambia nani aje?"

Maandalizi yenyewe hayakuwa makubwa, nami nayaeleza kwa faida ya wale ambao wangependa kufanya kama sisi. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeweka kando fedha kidogo kidogo kutokana na mauzo ya maharage siku za soko. Raia wa nchi hulipa kwa shilingi, na hulipa kidogo sana kuliko wageni wa nchi za mbali. Watoto hupunguziwa zaidi. Ada ya mashua hulipwa mbali na kiingilio, na gari ni lazima, kwa sababu haifai kutembea kwa miguu mbugani. Tulikodi gari la jirani yetu. Usiku wa kuamkia safari nilikaanga maandazi, nikachemsha mayai na viazi vitamu, na alfajiri nikajaza chupa mbili za chai na madumu mawili ya maji. Kila mtu alichukua kofia, na mama alijitanda leso yake nzito kwa ajili ya upepo wa ziwani.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Barabara ya kwenda Kikorongo ina milima ya Rwenzori upande wa kushoto na nyanda za chini upande wa kulia. Tulivuka mto Nyamugasani, ambao huteremka kutoka Rwenzori na kuingia Ziwa Edward. Hapo niliwaeleza wajukuu kwamba katika vilele vya juu vya milima hii, ambavyo kimoja chao kina urefu wa mita 5,109, bado iko barafu, ingawa inapungua mwaka hadi mwaka. Maji yanayoteremka kutoka huko huingia Ziwa George na Ziwa Edward, hutoka kwa mto Semliki, hufika Ziwa Albert, na mwishowe huwa Mto Nile. Kwa hiyo mtoto anayenawa uso Kasese anamkopesha maji mtoto wa Misri.

Mwenye gari hakuwa na moyo wa utalii. Shamba lake la mahindi liko karibu na mpaka wa mbuga, na msimu uliopita tembo waliingia humo usiku mmoja wakalimaliza. "Mama," aliniambia, "wewe unalipa ili uwaone. Mimi ningelipa ili wao wasinione." Tulicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa na raha. Jirani wa mbuga hupoteza chakula cha mwaka kwa usiku mmoja, na yako majumba kando ya maziwa ambayo yamempoteza baba kwa meno ya kiboko. Sheria ya nchi inaagiza kwamba sehemu ya ishirini katika mia ya viingilio irudi kwa wananchi wanaopakana na mbuga, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka utaratibu wa kuwafidia watu wanaouawa, wanaojeruhiwa au wanaoharibiwa mali na wanyama. Mwenye gari alisikiliza yote hayo, akasema kwamba sheria ni nzuri, na kwamba mahindi nayo yalikuwa mazuri. Sikuwa na la kuongeza.

Karibu na Kikorongo tulisimama mahali palipowekwa alama za Ikweta. Bwera iko kaskazini kidogo ya mstari huo, na Mweya iko kusini. Wajukuu walisimama mguu mmoja huku na mguu mwingine kule, wakacheka mpaka babu yao naye akajaribu.

Langoni lilitokea jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Nilipofungua mkoba ili nilipie watu wote, mama alinishika mkono. Akafungua fundo la pembe ya leso yake, akatoa noti alizokuwa amezikunja vizuri, akamkabidhi karani kiingilio chake mwenyewe. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, nikaacha.

Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na ina eneo la kilomita za mraba 1,978. Mwaka 1954 ilipewa jina la Malkia wa Uingereza aliyeitembelea mwaka huo. Katika utawala wa Idi Amin iliitwa Rwenzori, na Ziwa Edward lenyewe likaitwa, tangu mwaka 1973, Ziwa Idi Amin Dada. Baadaye majina ya zamani yalirudishwa. Viboko hawakuambiwa lolote kati ya hayo, wakaendelea kuota jua.

Mweya ni rasi, yaani nchi iliyochomoza majini, na kidogo tu ingekuwa kisiwa, kwani upande mmoja ina ziwa na upande wa pili ina mfereji. Ngiri huzunguka pale kati ya nyumba, wakipiga magoti ya mbele ili wale majani, kama watu walio msikitini. Tulikula chakula chetu chini ya mti, tukiwa tumekwisha kuonywa kwamba wanyama wasipewe hata kipande cha andazi, kwa maana mnyama akizoea mkono wa mtu hugeuka mwizi, na mwizi hatimaye huumiza au huumizwa.

Saa nane mchana tuliteremka gatini. Tulivalishwa jaketi za kuelea, na binti aliyevaa sare ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda akasimama mbele yetu kutuongoza. Alikuwa mtoto wa mvuvi kutoka Katwe, mji ule ambao watu wamevuna chumvi ya ziwa kwa karne nyingi. Alituonya tusinyoshe mikono nje ya mashua, tusisimame upande mmoja wote, na tusipige kelele. Baada ya maneno hayo mashua ikaondoka taratibu, ikifuata ukingo.

Neno mfereji lisimpotoshe msomaji, kwani njia hii ya maji haikuchimbwa na mtu. Ni kazi ya Mungu, yenye urefu wa kilomita 32 hivi, nayo huyatoa maji ya Ziwa George na kuyapeleka Ziwa Edward. Ziwa George ni la kina kifupi mno, kiasi cha mita mbili na nusu tu, na maji yake ni ya kijani. Wataalamu waliolichunguza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakiwa na kituo chao Kasenyi, waligundua kwamba rangi hiyo ni ya mimea midogo sana isiyoonekana kwa jicho, ambayo ngege huila na kunenepa. Kiboko naye huyatilia maji mbolea. Usiku hupanda nchi kavu akala majani yapatayo kilo arobaini, na mchana hurudi majini akaiacha huko samadi yake. Binti yule alisema kwa ufupi: nyasi humlisha kiboko, kiboko hulisha maji, maji humlisha ngege, na ngege hutulisha sisi. Mimi niliyepika ngege miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba katika sufuria yangu mlikuwa na kazi ya kiboko.

Walikuwa wengi kupita matarajio yetu. Walilala majini kwa makundi ya ishirini na thelathini, migongo yao ikiwa kama mawe meusi, masikio yakizungukazunguka. Kiboko mkubwa huweza kuwa na uzito wa tani mbili na zaidi, lakini haogelei kama tunavyodhani. Hutembea juu ya udongo wa chini, akazuia pumzi kwa dakika tano hivi. Ngozi yake hutoa ute mwekundu unaomkinga na jua, na kwa sababu hiyo watu wa kale walidhani hutokwa jasho la damu. Kando ya viboko walisimama nyati wazee waliofukuzwa na makundi yao, wamejipaka matope mpaka pembeni. Mbele zaidi familia ya tembo iliteremka kunywa maji, wadogo wakiwa katikati. Furukombe alilia juu ya mti, wari na minandi walijazana kwenye kichanga, na wadiria weusi-weupe walitoka katika matundu ya ukingo, wakasimama hewani wakipiga mbawa, kisha wakajitupa majini. Mbuga hii ina aina zaidi ya 600 za ndege.

Kituko kimoja kilituchekesha sote. Binti wa mashua aliposema, "Tazameni mamba," mjukuu wangu wa kike alitafuta samaki, kwani huku kwetu Uganda mamba wa sokoni ni samaki yule mrefu anayekaa matopeni. Alipomwona mnyama aliyelala juu ya mchanga amefunua kinywa, alinishika kwa nguvu. "Bibi," alisema, "mamba huyu ana miguu!" Kwa hakika hata wavuvi wa zamani wangeshangaa, maana kwa muda mrefu maziwa haya mawili hayakuwa na mamba wa miguu minne. Walianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 20.

Mume wangu alikuwa ameketi kimya. Nilimwuliza kama anajisikia vibaya. "La," alisema, "nilikuwa nikisikiliza. Mahali hapa nimelala ndani ya mashua usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila sauti naijua. Naweza kukuambia kiboko aliyekasirika na kiboko anayecheza. Lakini sikujua kwamba ndege hawa wana rangi." Baadaye nilimwona akimwonyesha mjukuu wake wapi walikuwa wakificha mashua yao, na namna walivyozima tochi ili wawasikie majangili wakipiga kasia. Mtoto alimtazama babu yake kwa macho ambayo sijapata kuyaona.

Ndipo mama akasema. Tulikuwa karibu na kundi kubwa, jike mmoja akiwa na mtoto wake mgongoni, na mashua ilikuwa imezima mtambo. Mama alikuwa amewatazama kwa muda mrefu. Akasema polepole, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Hawa tuliwala wakaisha. Wametoka wapi tena?"

Watu wa mashua waligeuka. Mimi niliona haya, lakini nilijua anasema nini, na nadhani ni wajibu wangu kukieleza kisa hicho hapa.

Mwaka 1979, vita vilipoung'oa utawala wa Amin, mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane. Tulikaa mjini Kasese. Baba yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa askari polisi, na baada ya vita mshahara ulikatika kwa miezi mingi. Maduka yalikuwa matupu. Sukari na sabuni zilikuwa habari za kusimuliwa. Lakini nyama ilikuwapo. Watu wenye bunduki, wengine wenye sare na wengine wasio na sare, wa kila upande, waliingia mbugani wakapiga risasi kama watu wanaopiga mpira, na nyama ikauzwa kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Mama alikuwa akitembea kwenda kuinunua. Aliikata vipande virefu, akaipaka chumvi ya Katwe, akaikausha juu ya moto nyuma ya nyumba. Tulikula nusu yake pamoja na ugali wa muhogo, na nusu aliiuza. Kwa fedha hizo alitununulia nguo, na mimi nikarudi shule. Sikuuliza nyama ile imetoka wapi. Nakumbuka harufu ya moshi, na kwamba tulishiba.

Sikumsimanga mama wakati ule, wala simsimangi leo. Mwenye watoto sita na sufuria tupu hahukumiwi na aliyeshiba. Lakini hesabu ni hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mbuga hii ilikuwa na tembo zaidi ya 2,000. Ilipofika mwaka 1980 walibaki kiasi cha 150. Viboko nao walipungua vibaya. Ni kweli kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wakuu wa mbuga wenyewe walikuwa wamewapunguza viboko kwa makusudi, kwa sababu walikuwa wamezidi na kuumaliza ukoka. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kalamu na daftari, yenye mwanzo na kikomo. Bunduki ya mwaka 1979 haikuwa na daftari.

Na tusidhani kwamba jambo hilo lilikuwa letu peke yetu. Ng'ambo ya ziwa hili hili, upande wa Kongo, iko mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo ni ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Katika miaka ya 1970 ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, kundi ambalo halikuwa na mfano popote duniani. Vita vilipopita juu yake, hesabu ya mwaka 2005 iliwakuta hawafiki 1,000. Maji ni yale yale, samaki ni wale wale, na mpaka uliochorwa kwenye ramani hauonekani juu ya mawimbi. Wavuvi wa pande zote mbili wanajua maana ya ziwa lililokosa mbolea ya kiboko.

Mjukuu wa kiume, ambaye hakuwahi kulala njaa, alimwuliza mama, "Bibi Mzee, nyama yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa tamu, mwanangu," mama alijibu. "Hilo ndilo lilikuwa tatizo."

Binti aliyetuongoza hakumkaripia. Alikaa karibu naye, akamweleza kwamba viboko hawakuisha kabisa. Walibaki wachache katika pembe za matete, wakalindwa, wakazaa. Tembo nao walirudi: katika hesabu zilizofanywa kati ya mwaka 2006 na 2014 walionekana tena zaidi ya 2,000. Halafu akasema neno ambalo mume wangu amelirudia mara nyingi tangu siku hiyo: "Mama, waliwamaliza watu wenye bunduki, na waliwarudisha watu wenye bunduki. Baba huyu ni mmoja wao." Mume wangu aligeuza uso wake kuelekea upande wa ziwa, akasema kwamba upepo una vumbi. Juu ya maji hakuna vumbi.

Mashua ilifika mwisho wa mfereji, mahali maji yanapofunguka kuwa Ziwa Edward, na kijiji cha wavuvi cha Kazinga kikaonekana ukingoni. Wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu tayari kwa kazi ya usiku, na hatua chache kutoka kwao nyati wawili walikuwa wamelala. Hakuna aliyemshughulikia mwenzake. Tuligeuka tukarudi, jua likiwa limeinama juu ya Kongo.

Njiani kurudi watoto walilala. Nilimwuliza mama kwa nini alikataa nimlipie langoni. Alikaa kimya mpaka tukapita Kikorongo. Ndipo akaniambia, "Nilikuwa na deni. Si kubwa la kulipika, lakini mtu akidaiwa, aanze na alicho nacho."

Ndugu wasomaji, wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nimeyaona yakiketi mashuani pamoja na wajukuu wenyewe, wala hayakuwa na uchungu kama nilivyotazamia, kwa sababu yalikuja na kitu cha kuonyesha. Mvulana yule aliyeuliza tuna nini amerudi Kampala na jibu lake. Lakini nadhani sisi wazima tulijifunza zaidi. Wako miongoni mwetu askari wengi waliolinda mahali fulani kwa miaka bila kupaona mchana, na wako wake na watoto wao wanaojua tu kwamba Baba yuko kazini, na kwamba kazi humrudisha amechoka. Siku moja ya likizo, badala ya kuimaliza kwa kulala, mwombeni awapeleke mahali alipolinda. Ikiwa ni Kazinga, au Murchison, au mlima, au mpaka, nendeni mkapatazame naye akiwa hana silaha mkononi.

Kwa wale watakaokwenda Mweya, nawashauri mambo machache. Ulizeni kwanza hali ya usalama kwa wahusika, wala msisafiri mbugani baada ya jua kutua. Chagueni miezi ya kiangazi, kwani maji ya porini yakikauka wanyama hukusanyika mferejini. Mashua ya mchana ni nzuri kuliko ya asubuhi kwa wanaotaka kuwaona tembo. Wazee wavikwe vizuri, na watoto wapewe maji mara kwa mara, maana jua la Mweya halina huruma. Mkirudi, laleni ndani ya vyandarua, kwa kuwa mbu wa nyanda za chini wana malaria. Na kama mna jirani ambaye tembo wamekula shamba lake, msimsimulie uzuri wa tembo kabla ya kumwuliza habari za mahindi yake.

Mwenye gari, tulipofika nyumbani, hakutaka kupokea malipo yote. Alisema kwamba yeye naye alikuwa amepanda mashua bure kama dereva, na kwamba kwa miaka arobaini hakuwahi kumwona tembo akiwa amesimama tu, anakunywa maji, hali shamba la mtu. Nilimlipa kamili. Mama alikuwa ametufundisha habari za madeni siku ile.